Ombi la Kupandishiwa Homoni

Maeng Sang-do,
Mwalimu Mkuu Mstaafu (Hisabati),
Kitongoji cha Juu, Mji wa Sorim.

21 Novemba 2025

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Afya cha Wilaya ya Sorim.

YAH: KUSAHIHISHWA KWA NAMBA YA HOMONI YANGU YA KIUME KUTOKA 1.9 HADI ISIYOPUNGUA 6.0

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa miaka thelathini na saba nimewaficha wananchi wa Sorim jambo moja. Kwa kuwa daktari wa moyo amenishauri kwa upole nisijiwekee ahadi yoyote baada ya mwezi wa pili, nimeona nikiri kwako kwanza: sijawahi kunywa supu ya mbuzi mweusi. Hata kijiko kimoja.

Najua uzito wa maneno haya kwa mtu mwenye cheo chako. Mwaka 1988, mwaka wa Olimpiki, nikiwa na umri wa miaka hamsini na moja na mke wangu Ok-rye arobaini na sita, nyumba yetu ilipata mtoto wa kiume, Tae-rim. Wiki mbili baadaye nilikwenda bafu la umma kama kila Jumapili. Bwana Bong Chil-bok, rafiki yangu wa tangu utoto, alikuwa akinisugua mgongo. Akasugua, akasugua, kisha akasimamisha kitambaa.

"Baba Tae-rim," akasema, na wanaume wote waliokuwa ndani ya maji ya moto wakageuka kusikiliza, "sisi ni watu wazima. Sema ukweli. Unakula nini?"

Nilikuwa sijajiandaa kwa swali hilo. Ukutani, juu ya bega la Bwana Bong, palikuwa na kalenda ya duka la nyama.

"Mbuzi," nikasema.

"Mbuzi gani?"

"Mweusi."

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Ndani ya miaka mitano palikuwa na migahawa kumi na minne ya supu ya mbuzi mweusi kwenye mtaa uliokuwa na mmoja tu, tena wa tambi. Leo wilaya ina tamasha la mbuzi, na mlangoni mwa mtaa huo amesimama mbuzi wa shaba kwa miguu yake ya nyuma, akitazama milima kwa kujiamini ambako sijawahi kukuona kwa mbuzi aliye hai. Wazee hutoka mikoa mingine kwa mabasi kuja kumpapasa pembe.

Ukweli ni kwamba harufu ya mbuzi hunitapisha. Nguvu iliyomleta Tae-rim haikutoka kwenye sufuria ya mtu. Ilikuwa yangu mwenyewe, niliyozaliwa nayo. Naomba uiweke sentensi hiyo mbele yako unaposoma yanayofuata, kwa sababu malalamiko yangu yote yanasimama juu yake.

Namba mliyonipa mwezi uliopita, katika kampeni yenu ya Mwezi wa Afya ya Wanaume, imeingiza sindano nyumbani kwangu. Sindano hiyo inamharibu mwanangu, inaweza kuninyima mjukuu, na sasa inatafuta matako yangu. Nitaeleza kwa utaratibu.

1. Kuhusu saa ya kutolewa damu.

Kipeperushi chenu cha njano kinasema, ukurasa wa kwanza, kwamba homoni ya kiume hupanda asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo damu itolewe kati ya saa moja na saa tano asubuhi, na kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya mtu kuambiwa chochote. Mimi nilitolewa damu saa tisa alasiri, mara moja tu, nikiwa nimeshiba wali na samaki na nimesinzia kwenye kiti cha Ukumbi wa Wazee. Bwana Bong alitolewa saa mbili na robo asubuhi, kwa sababu Bwana Bong huwahi kila foleni, hata ya kitu asichokihitaji. Yeye alipata 4.6. Mimi nilipata 1.9. Nimesahihisha mitihani kwa miaka arobaini na moja, na sijawahi kumpa mtoto mmoja mtihani akiwa macho na mwingine akiwa usingizini, kisha nikawapanga kwa nafasi.

2. Kuhusu namna namba ilivyotolewa.

Sina ubaya na Muuguzi Ma. Ni binti mwenye adabu na mikono myepesi. Lakini aliposoma majibu pale ukumbini alinisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, na mimi sikusikia.

"Ngapi?"

"Moja nukta tisa, mzee wangu."

"Ngapi?"

"MOJA NUKTA TISA!"

Upande wa pili wa ukumbi wanawake walikuwa wakicheza karata. Wote waliziweka karata chini. Kisha Bwana Bong akasafisha koo.

"Baba Tae-rim, hiyo ni homoni au ni namba ya miwani?"

Wakacheka. Hata wale ambao hawajasikia kitu tangu mwaka juzi walicheka. Nikamwambia kwamba yeye na 4.6 yake ana mabinti watatu na wote wamezaliwa kabla hajafika thelathini. Akanijibu, "Kweli. Lakini mimi nimekunywa mbuzi kwa miaka thelathini na saba kwa sababu yako. Kama aliyetufundisha ana moja nukta tisa, wale mbuzi wamekufa kwa kosa gani?"

Nikamwomba dereva wenu anirudishe nyumbani.

3. Kuhusu hesabu yenyewe.

Kipeperushi kinasema kwamba baada ya umri wa miaka thelathini na kitu homoni hii hupungua kwa takriban asilimia moja kila mwaka, na kwamba ni jambo la kawaida, si ugonjwa. Nimekubali kwa ajili ya mjadala. Nikachukua 1.9 ya leo, nikarudi nyuma miaka thelathini na saba. Nimepata 2.76. Mpaka wa chini uliochapishwa kwenye kipeperushi hicho hicho ni 3.5. Kwa hiyo, kwa mujibu wa Kituo chako, mwaka wa Olimpiki mimi nilikuwa tayari chini ya mstari, na Tae-rim, ambaye ana kilo tisini na saba na karakana ya kutengeneza matrekta ya mkono, hayupo.

Tae-rim yupo. Basi mashine imekosea. Huu ni uthibitisho ambao mwanafunzi wa kidato cha pili angeufuata bila kusaidiwa.

Nilimpigia simu Muuguzi Ma na kumsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ninalomshukuru, kisha akasema: "Mzee wangu, namba hii na kuzaa ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na namba ndogo akazaa. Mwingine ana namba nzuri kabisa, na hazai." Nikamwomba anipe maneno hayo kwa maandishi. Akasema yapo tayari, ukurasa wa tatu. Nimeusoma ukurasa wa tatu. Umechapwa kwa herufi ndogo mno kwa watu mnaotaka wausome.

4. Kuhusu ushauri wa Kituo.

Nimetafuta mbuzi ndani ya kipeperushi, nikakosa. Nimetafuta pembe changa za paa, mizizi ya jinsengi, mvinyo wa matunda meusi, kuning'inia kichwa chini kwenye chuma cha mazoezi pale chemchemini. Hakuna. Badala yake mnamwambia mwanamume wa Sorim alale kwa muda wa saa saba au nane, apunguze kitambi, anyanyue vitu vizito mara mbili tatu kwa wiki, apunguze pombe, aangalie sukari yake, na kama anakoroma mpaka pumzi inakatika, akatibiwe hilo kwanza. Homoni ya kuongezewa, mnasema, ni kwa mwenye dalili na vipimo viwili vya asubuhi, chini ya macho ya daktari, maana inaweza kuifanya damu iwe nzito, na tezi dume inahitaji kuangaliwa.

Sisemi kwamba si kweli. Nasema tu kwamba hamkufikiria mtaa. Mwenyekiti wa wenye migahawa alikuja kuniona nikiwa kitandani, yeye akiwa na sufuria kubwa mikononi. "Mwalimu," akasema, "kunywa hii siku kumi, urudi ukapime tena, tufe au tupone pamoja." Alikaa mpaka nikaahidi. Alipotoka mke wangu aliimimina kwa mbwa wa jirani. Mbwa huyo ana miaka kumi na mitatu, na tangu siku hiyo amekuwa kero kwa kitongoji kizima, lakini sitaki jambo hilo litumike na upande wowote.

5. Kuhusu mwanangu.

Hapa naomba usome polepole.

Miaka miwili iliyopita Tae-rim alipima damu katika mji mkuu wa mkoa. Alipata 3.2. Alikuwa akilala saa tano kwa siku, akila tambi amesimama kando ya injini, akinywa bia na wateja. Daktari alimwambia yale yale ya kipeperushi chenu: usingizi, kitambi, pombe, rudi baada ya miezi sita. Mwanangu aliona miezi sita ni mingi. Kwenye ukumbi wa mazoezi alikutana na mtu mwenye begi, na tangu siku hiyo anajidunga homoni mwenyewe kila Jumatano.

Mwanzoni tulifurahi. Mabega yalipanuka. Shingo ikawa nene kuliko kichwa. Alinyanyua injini ambayo zamani ilihitaji watu wawili. Kitu kimoja tu hakikuja. Yeye na mkewe, Yu-gyeong, wanatafuta mtoto kwa mwaka wa nne sasa, na mwezi wa nne walikwenda kwa daktari wa uzazi. Daktari alitazama majibu, akamuuliza Tae-rim kama kuna kitu anajidunga. Kisha akamweleza kwa lugha ya karakana, Mungu ambariki: homoni ikiingizwa kutoka nje, mwili unaona kazi imeshafanywa na mtu mwingine, unafunga karakana yake yenyewe, na mbegu huisha. Aache sindano. Katika miezi sita, au mwaka, karakana nyingi hufunguliwa tena.

Yu-gyeong ana miaka thelathini na minane. Kwake mwaka ni kitu kikubwa.

Tae-rim aliacha kwa wiki tatu. Akachoka, akanuna, akalia mbele ya trekta la mteja. Wiki ya nne akajidunga tena. Mkewe alipomuuliza kwa nini, alijibu maneno ambayo Yu-gyeong ameninukulia, na nayaandika kama nilivyoyapokea: "Baba alinizaa akiwa na hamsini na moja. Hamsini na moja! Damu yetu ni ya chuma. Mimi nina thelathini na saba na nimeshindwa. Kosa si la damu, kosa ni langu, lazima niisukume."

6. Kuhusu sindano kuelekezwa kwangu.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunatengeneza kimchi ya majira ya baridi, kabichi themanini. Mke wangu na Yu-gyeong walikuwa wamekaa uani, mikono myekundu kwa pilipili mpaka kwenye viwiko. Mimi nilikuwa nimetolewa nje na blanketi langu ili nionje chumvi. Tae-rim akaja na begi dogo jeusi. Alikuwa amesikia kwa Bwana Bong, kama wilaya nzima.

Alipiga magoti mbele yangu. "Baba," akasema, "usione haya. Nimesikia namba. Ni uzee tu, unarekebishika. Nimekuletea."

"Umeniletea nini?"

"Geuka kidogo tu. Robo ya dozi."

Mke wangu hakuinua kichwa kutoka kwenye kabichi. "Huyu? Huyu aliyelia alipochanjwa mafua? Mdunge tu, tuone kama ataacha kukoroma."

"Mama, sifanyi mzaha."

"Hata mimi. Baba yako moyo wake umeshikwa na uzi. Ukimtia kitu cha kuifanya damu iwe uji, utamzika na shati lake la Jumapili kabla hii kimchi haijachacha."

"Lakini mama, Baba alikuwa simba!"

Mke wangu alisimamisha mkono ndani ya kabichi. Alinitazama mimi, hakumtazama mtoto. Mimi nikasema chumvi imepungua.

Sikudungwa siku hiyo. Yu-gyeong alilichukua begi kwa mikono yake yenye pilipili, na hakuna mtu aliyethubutu kulidai. Lakini Tae-rim ameahidi kurudi, na ni mtoto anayetimiza ahadi. Hii ndiyo sababu naomba namba yangu ipandishwe. Mwenye 6.0 hadungwi.

7. Kuhusu swali la Yu-gyeong.

Jioni ile, kabla ya kuondoka, mkwe wangu aliingia chumbani kunifunika miguu. Nilimwambia nia yangu ya kukuandikia. Alikaa kitako sakafuni, akanisikiliza, kisha akasema:

"Baba, nisamehe nikiongea sana. Ukipata namba kubwa, Tae-rim ataongeza dozi ili akufikie. Ukibaki na ndogo, atasema ukoo mzima ni mgonjwa, tudungwe wote. Wewe ni mwalimu wa hesabu. Niambie namba gani itamfanya aache."

Nilimwambia nitalifikiria. Nimelifikiria siku sita. Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani, na naamini nimepata jibu, ambalo ni ombi langu rasmi kwa Kituo chako:

(a) Namba yangu isahihishwe iwe 6.0, kwa cheti chenye muhuri mwekundu, na tarehe irudishwe nyuma hadi mwaka 1988;

(b) Mwanangu Maeng Tae-rim, atakapokuja kwenu Jumanne kwa kipimo ambacho mkewe amemlazimisha, apewe 6.1, bila kujali mashine itasema nini. Mtoto huyu hajidungi ili awe na nguvu. Anajidunga ili anipite. Mpeni cheti kwamba amenipita, kwa nukta moja tu, na ataweka sindano chini siku hiyo hiyo;

(c) Kwa ajili ya usawa, Bwana Bong ashushwe hadi 4.0;

(d) Mbuzi wa shaba abaki alipo, ila kwenye kibao chake maneno "Kwa heshima ya baba wa miaka hamsini na moja" yaondolewe na paandikwe kitu kuhusu mandhari.

Natambua kwamba ombi la (b) linaitaka ofisi ya umma iandike uongo. Najitetea hivi: wilaya hii imekula kwa uongo wangu mmoja kwa miaka thelathini na saba, imejenga migahawa, imeweka taa za barabarani. Uongo wa pili, tena mdogo, tena wa kumwokoa mtu, sioni kwa nini ofisi isiuvumilie.

Naomba unifikishie salamu kwa Muuguzi Ma, kwa dereva aliyenirudisha nyumbani siku ile bila kuniuliza kitu, kwa mama anayepiga deki ukumbini, na kwa fundi wa maabara, ambaye naamini ni kijana mzuri aliyeonewa na mashine mbovu. Mke wangu anawasalimu nyote na anauliza kama mnahitaji kimchi.

Nabaki mwananchi wako, anayeheshimu vipimo vyote vinapokuwa sahihi,

Maeng Sang-do

Nyongeza. Mheshimiwa, mke wangu husoma barua zangu zote kabla ya kuzitia kwenye bahasha, kwa sababu haniamini na anwani. Hii ameisoma akiwa amesimama dirishani. Kwenye mbuzi alicheka. Kwenye mbwa alicheka. Alipofika kwenye 6.1 alikaa.

"Baba Tae-rim," akasema, "binti wa watu amekuuliza namba gani itamfanya aache, na wewe umemtafutia namba. Mimi nilivaa mto tumboni miezi mitano, katikati ya joto la kiangazi, nikatembea nao sokoni nikijishika kiuno. Wewe unashindwa kuandika mstari mmoja?"

Basi naandika. Futa (a), (b) na (c). Mashine yenu haina kosa, wala saa tisa alasiri haina kosa la maana.

Tae-rim hakuzaliwa na sisi. Tulimchukua akiwa na siku tisa, kutoka mji wa pwani ambako mke wangu alikuwa ameaga kwamba anakwenda kujifungulia kwa dada yake. Siku zile hapa kwetu hakuna aliyemchukua mtoto hadharani. Alichukuliwa kwa siri, akaandikishwa kama wa tumbo, na mama akavaa mto. Wa kwetu ulikuwa wa maganda ya ngano nyeusi, na mke wangu aliuongeza kidogo kila mwezi kwa kijiko, kwa usahihi ambao mwalimu wa hesabu hawezi kuukosoa. Wazazi wa mtoto walikuwa na miaka kumi na tisa kila mmoja. Hatukuambiwa zaidi ya hapo.

Kwa hiyo hakuna damu ya chuma. Hakuna simba. Mwanangu amekuwa akimfukuza mtu ambaye hakuwahi kupita njia hiyo. Ile 3.2 ilikuwa yake mwenyewe, ya kijana mnene asiyelala, na ingeponywa kwa kulala. Naomba Jumanne Muuguzi Ma amkalishe, amsomee nyongeza hii, Yu-gyeong akiwa amemshika mkono. Ningemwambia mimi, na nimejaribu mara nyingi, lakini huingia na kuniita "Baba" kabla sijafungua kinywa. Amwambie asinihurumie wala asinikasirikie mpaka aache sindano. Baada ya hapo achague. Na kama karakana yake haitafunguka, amwambie kwamba najua kwa uhakika, kwa miaka thelathini na saba ya ushahidi, kuwa kuna njia nyingine ya kuwa baba, na haipungui kitu.

Mke wangu amesoma mpaka hapo. Amesema inatosha, amejifuta macho kwa aproni, ametoka kufunika mitungi ya kimchi kwa sababu baridi inakuja. Hayupo chumbani ninapoandika mistari hii. Akirudi ataisoma kabla ya kufunga bahasha. Hili lililobaki yeye hajui.

Mwaka 1968 tulikuwa na miaka mitano ya ndoa bila mtoto. Mama yangu alikuwa akimchemshia mke wangu mizizi michungu, asubuhi na jioni, na kumwita tasa mbele ya wageni. Nilisema nakwenda kununua vitabu vya shule, nikaenda hospitali ya mjini peke yangu. Daktari aliniuliza kama niliwahi kuugua matumbwitumbwi nikiwa mtu mzima. Niliugua jeshini, majira ya baridi, wiki tatu. Akasema mbegu hakuna. Hakusema chache. Alisema hakuna, na hazitakuwapo.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa mlangoni akiosha mchele, na mke wangu nyuma yake amebeba ndoo. Mama alikuwa ameshaambiwa na mtu nilikokwenda. "Wamesemaje?" akauliza.

Nikasema, "Mimi ni mzima."

Mama akageuka kumtazama mke wangu. Mke wangu akaweka ndoo chini, akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, mama." Alikuwa na miaka ishirini na sita. Aliendelea kuomba msamaha kila siku ya kuwakumbuka wazee wetu, na kunywa ile mizizi, kwa miaka ishirini, mpaka siku alipofunga mto tumboni ili kunisitiri mimi na aibu aliyodhani ni yake.

Ok-rye, hukuwa tasa. Nilikuwa mimi, na nilijua.